Sarafu za Malta: Fedha ni halisi, faida si hakika

Sarafu za ukumbusho za Shirika la Malta zimekuwa zikiwavutia wakusanyaji tangu toleo la kwanza mwaka 1961. Hata hivyo, mwekezaji mdogo anayezinunua kwa kutarajia faida hana budi kujua kwanza analipia nini: madini au jina.

Shirika hilo la Kikatoliki lilianzia Yerusalemu katika karne ya 11 likihudumia mahujaji na wagonjwa, baadaye likawa pia la watawa wapiganaji. Lilitawala kisiwa cha Rhodes, kisha Malta kuanzia 1530, hadi Napoleon alipoliondoa mwaka 1798. Tangu 1834 makao yake makuu yako Roma. Halina nchi, ingawa lina uhusiano wa kibalozi na mataifa zaidi ya 100.

Fedha yake huitwa skudo. Skudo moja ni tari 12, na tari moja ni grani 20. Kwa kuwa shirika halina nchi, hakuna duka linalolazimika kuzipokea sarafu hizo. Thamani iliyoandikwa juu yake haimsaidii mwenye nazo. Kinachobaki ni uzito wa madini na hamu ya wakusanyaji.

Hapo ndipo penye hesabu. Skudo moja ya fedha ya matoleo ya mwanzo ina gramu 12, na usafi wake ni sehemu 986 kwa 1,000. Madini safi ni gramu 11.8, yaani kama asilimia 38 ya aunsi moja ya sonara, ambayo ni gramu 31.1. Tuchukue mfano kwamba aunsi inauzwa dola 30: madini yaliyomo yana thamani ya dola 11 na senti 40 hivi. Muuzaji akitaka dola 25, zaidi ya nusu ya bei ni ziada, na ziada hiyo hurudi tu akipatikana mkusanyaji mwingine.

Wakusanyaji hao si wengi. Orodha za kimataifa huziweka sarafu hizi kando na zile za nchi za kawaida, hivyo wanaokusanya kwa kufuata nchi huzipita.

Madini nayo si kinga kamili. Januari 1980 aunsi ya fedha ilikaribia dola 50. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huohuo ilikuwa imeshuka chini ya dola 11. Aliyenunua kileleni alipoteza zaidi ya robo tatu ya mtaji katika muda wa miezi miwili tu.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi apime sarafu kwenye mizani ya sonara, aulize usafi wake, na amwulize muuzaji swali moja: yeye mwenyewe atainunua tena kwa bei gani? Jibu hilo ndilo bei halisi ya sokoni.