Mama Aliyejifungua Naye Aangaliwe

Mtoto akizaliwa kijijini, nyumba hujaa watu. Majirani huleta kuni, unga na kuku. Kila mtu anataka kumwona mtoto. Eti kafanana na babu yake! Lakini ni nani anayemwuliza mama, "Na wewe mwenyewe unajionaje?"

Sisi wa vijiji vya Songea tunajua kumtunza mzazi. Bibi na mama mkwe humpikia uji, humpa togwa, na humpumzisha kazi za shamba. Desturi hiyo ni nzuri, tusiiache. Ila kuna jambo moja tunalisahau. Hatumrudishi mzazi zahanati ili naye apimwe.

Akina mama wenyewe wana sababu zao. Wengine husema, "Mbona najiona mzima, niende kufanya nini?" Wengine huenda kwa ajili ya chanjo ya mtoto. Mtoto anapimwa uzito, mama haulizwi kitu, naye anaona haya kusema. Wako wanaoogopa kufokewa. Wako wanaokaa mbali, na wakati wa mvua njia ni matope matupu. Na wako wanaoambiwa wasitoke ndani mpaka arobaini ziishe.

Jamani, siku 40 ni nyingi mno. Hebu tuone kwa nini.

Kondo la nyuma likitoka, mahali liliposhika hubaki kama kidonda. Mfuko wa uzazi hutakiwa kujikaza ili damu ikome. Usipojikaza, mama anaweza kumwaga damu nyingi na kufa kwa saa chache tu. Kifafa cha mimba nacho huweza kuja hata baada ya kujifungua. Tena vijidudu vikiingia katika mfuko wa uzazi, homa huanza siku chache baadaye. Kumbe hatari kubwa iko katika siku za mwanzo, wakati sisi tunasherehekea.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini kwetu mwaka 2015 na 2016 ulionyesha jambo la kusikitisha. Kati ya akina mama 100 waliojifungua, 34 tu ndio walioangaliwa afya zao katika siku mbili za kwanza. Je, wale 66 waliangaliwa na nani?

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri hivi:

1. Mama aliyejifungulia kituoni akae hapo angalau saa 24. Aliyejifungulia nyumbani aangaliwe mapema, kabla saa 24 hazijapita.
2. Aangaliwe tena siku ya pili au ya tatu.
3. Aangaliwe tena kati ya siku ya 7 na ya 14.
4. Aangaliwe tena wiki ya 6.

Mama, ukifika usinyamaze. Mwambie mhudumu, "Na mimi naomba kupimwa." Apime damu inavyokwenda mwilini, aangalie tumbo, maziwa na kidonda kama kipo. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako.

Lakini usingoje siku uliyopangiwa ukiona dalili hizi: damu nyingi inayolowesha vitambaa upesi, homa, uchafu unaonuka ukeni, maumivu makali ya tumbo, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, degedege, au mkojo kujitokea wenyewe. Hata huzuni isiyokwisha, au kutomtaka mtoto, ni ugonjwa. Si uchawi wala si uvivu. Mtoto naye akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, au akiwa wa moto au wa baridi kupita kiasi, mpelekeni mara moja. Zahanati ikishindwa, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa, kama ile ya Mkoa mjini Songea au ile ya misheni ya Peramiho.

Na ninyi akina bibi, tunawaomba msimkande mzazi kwa maji ya moto sana. Yanaweza kumbabua.

Akina baba, kazi yenu haikwisha mtoto alipolia. Tangu mimba ikiwa changa, wekeni akiba ya nauli. Jueni mapema ni nani kijijini mwenye pikipiki au gari la kuwasaidia usiku. Damu haingoji mahindi yauzwe.