Kiungulia wakati wa ujauzito: lini ni cha kawaida, lini ni hatari

Wajawazito wengi hupata kiungulia. Homoni za mimba hulegeza mlango wa juu wa mfuko wa chakula, na asidi hupanda kifuani.

Mama, kula kidogo kidogo, punguza mafuta na pilipili, na baada ya kula kaa masaa 2 hadi 3 kabla ya kulala. Usitumie magadi wala dawa ya dukani bila kumuuliza mkunga. Dawa ya asidi usiimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu.

Lakini baada ya miezi 5, maumivu chini ya mbavu pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au uso kuvimba huenda ni presha ya mimba. Ukiwa Lobule, Koboko au Arua, usingoje siku ya kliniki: nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku.