Je, Wajua? Uvimbe Unaojificha Ubongoni

Je, wajua kuwa mgonjwa wa multipo sklerosisi (MS) anaweza kupimwa CRP, kipimo cha kawaida cha uvimbe mwilini, na majibu yakarudi safi? Kinga ya mwili wake inaishambulia mielini, ala inayofunika nyuzi za neva, lakini vita viko ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Majibu hayo pekee yasimfanye mtu aambiwe hana kitu!

Wajua ushahidi uko wapi? Kwenye maji ya uti wa mgongo. Daktari huchoma sindano kiunoni, kati ya pingili, akakinga matone ya maji maangavu. Maabara hutenganisha protini zake kwa umeme kwenye jeli, sambamba na damu ya mgonjwa huyohuyo. Ikionekana mistari miwili au zaidi ambayo kwenye damu haipo, basi kingamwili zinatengenezwa mlemle ndani. Tangu 2017, mistari hiyo inaweza kumsaidia aliyepata shambulio moja tu athibitishiwe ugonjwa bila kungoja la pili.

Wajua NfL? Ni protini ya nyuzi za neva. Nyuzi zikiharibika, humwagika mpaka kwenye damu. Hupanda pia kwa kiharusi, jeraha la kichwa na hata uzee, kwa hiyo haitaji ugonjwa. Inaonyesha neva zinaumia.

Je, wajua kuwa njia ya kuielewa MS inapita Uganda? Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi kipya walichokiona London kwenye seli za uvimbe wa saratani ya Burkitt zilizotoka Uganda. Ndicho kirusi cha Epstein-Barr, kinachoambukiza kwa mate. Watu wazima wengi sana duniani wanacho, na wengi wao hawapati MS kamwe.

Mwaka 2022, watafiti walichapisha walichokikuta kwenye damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani. Kati ya wagonjwa 801 wa MS, 35 hawakuwa na kirusi hicho walipopimwa mara ya kwanza. 34 kati yao walikipata kabla ya ugonjwa kuanza. Hatari ya MS kwa aliyeambukizwa ilikuwa mara 32 ya ile ya asiyeambukizwa. Na ile NfL? Ilipanda baada ya kirusi kuingia, si kabla.