Somo la Hesabu: Kitufe Kibovu

Kaeni wawili wawili, na kila wawili wawe na daftari, kalamu na kikokotoo kimoja. Kilichomo ndani ya simu kinafaa. Lakini kama mnacho kile kidogo cha bei rahisi, wanachotumia wenye maduka, ndicho bora leo. Sababu mtaiona.

Kwanza tushindane. Mmoja ashike kikokotoo, mwenzake atumie kichwa tu. Mwenye kikokotoo lazima abonyeze kila tarakimu, hata kama jibu analijua. Tayari? 25 mara 4. Haya, 300 kujumlisha 700. Nusu ya 90. Nadhani mwenye kichwa amekwisha shinda. Sasa 187 mara 2,150. Nitanyamaza kidogo.

Naam. Hapo kichwa kimechoka. Tukae na hesabu hiyo hiyo. Mkulima amepeleka korosho kilo 187, na bei, tuseme, ni shilingi 2,150 kwa kilo. Msiguse kitufe bado. Kadirieni kwanza: 187 ni karibu na 200, na 2,150 ni karibu na 2,000. Mbili mara mbili ni nne, na sifuri zote ni tano. Basi tunangoja jibu lililo karibu na 400,000. Bonyezeni. Ni 402,050. Kikikuonyesha 40,205, utajua mara moja kwamba bei imeingizwa 215, sifuri ikaachwa.

Lakini makadirio hayakamati kila kosa. Mtu akibonyeza 178 badala ya 187, atapata 382,700. Nayo pia si mbali na 400,000, na hakuna atakayeshtuka. Kumbe mkulima amepoteza shilingi 19,350! Mimi mwenyewe, pamoja na diploma yangu, nimewahi kulipia saruji kwa hesabu ya namna hiyo, nikagundua nyumbani.

Dawa yake ni kurudi nyuma. Gawanya fedha kwa bei: 382,700 kwa 2,150. Jibu ni 178. Tazama stakabadhi ya mizani: kilo 187. Sasa unaweza kusema bila ugomvi, "Ndugu karani, hebu tugawanye pamoja."

Sasa mchezo wetu. Tuseme kitufe cha 8 ni kibovu, hakifanyi kazi. Tafuteni 38 mara 25 bila kukigusa. Zungumzeni.

Wengine mmesema: 38 ni 40 kutoa 2. Vizuri sana. Basi ni 40 mara 25, kutoa 2 mara 25. Bonyezeni yote kwa mfululizo, halafu someni jibu. Wenye simu wengi wamepata 950. Wenye kikokotoo kidogo wamepata 24,950. Msicheke, hakijaharibika! Chenyewe hufuata mkono wako hatua kwa hatua. Kimepata 1,000, kikatoa 2, ikabaki 998, kisha kikazidisha yote kwa 25. Hakijui kwamba ulitaka kuzidisha kwanza. Kwa hiyo andika kila sehemu daftarini: 40 mara 25 ni 1,000, 2 mara 25 ni 50, 1,000 kutoa 50 ni 950. Mwenye duka anayejumlisha bidhaa za aina mbili tatu kwa mfululizo huweza kujikuta katika mtego huu huu, nawe ukalipa.

Neno moja juu ya nukta. Kwenye kioo, 12.5 ni kumi na mbili na nusu. Nukta hiyo si alama ya maelfu.

Kazi ya nyumbani: kitufe cha 9 ni kibovu. Tafuteni 19 mara 35, na 99 mara 12. Tena kila mmoja alete stakabadhi moja ya zamani kutoka nyumbani, ya duka au ya mazao, tuigawanye darasani. Kwaherini mpaka kipindi kijacho.