Isaka kati ya Reli na Dhahabu: Kwa Nini Mali Inapita na Mwananchi Anabaki Alivyo

Isaka ni mji mdogo ulioko mashariki mwa Kahama, mkoani Shinyanga, mahali ambapo reli itokayo Tabora kwenda Mwanza hukutana na barabara ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kaskazini-magharibi yake huanza ukanda wa dhahabu unaofika hadi Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria. Atazamaye ramani peke yake angetarajia kwamba wakazi wa mji uliokaa kati ya njia kuu ya shehena na ukanda wa madini wangekuwa miongoni mwa Watanzania wanaojiweza. Kwa wengi wao hali haiko hivyo, na ili kuelewa sababu yake inabidi kufuata historia ya maamuzi ya kisheria na kiutawala ambayo, kwa zaidi ya miaka 30, yameshughulikia kwa uangalifu mkubwa namna mali itakavyopita, na kwa uangalifu mdogo sana ni kiasi gani kitabaki kwa watu ambao mali hiyo inapita kwao.

Reli ilitangulia. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza, na kazi yake kubwa ilikuwa kusafirisha pamba ya Usukumani kwenda pwani. Isaka ilibaki stesheni ya kawaida hadi ilipojengwa bandari kavu, yaani kituo cha bara ambako shehena iliyotoka bandarini kwa treni hushushwa, hukamilishiwa taratibu za forodha na kuhamishiwa kwenye malori. Umuhimu wa kituo hicho ulijulikana duniani kwa njia ya kusikitisha: mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 waliokimbia mauaji ya kimbari walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja, na Isaka ikawa kituo muhimu cha kupitishia chakula cha msaada kwa ajili ya wakimbizi wa eneo la Maziwa Makuu. Kwa shughuli hizo mji ulivuta wapakiaji, madereva na utingo, mafundi wa magari, mama lishe na wenye nyumba za wageni, ambao karibu wote waliishi kwa ujira wa siku, bila mkataba wala mchango wowote katika mfuko wa hifadhi ya jamii.

Udhaifu wa maisha hayo ulijitokeza reli ilipoanza kuyumba. Mwaka 2007 serikali ilikabidhi uendeshaji wa reli kwa kampuni ya RITES ya India, iliyochukua asilimia 51 ya hisa kwa mkataba wa miaka 25, huku serikali ikibaki na asilimia 49. Mabehewa na injini vilipungua, wafanyakazi waligoma, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalizoa njia ya reli katika eneo la Kilosa na kusimamisha safari kwa miezi kadhaa. Serikali ilizichukua tena hisa hizo mwaka 2011, na mwaka 2017 Shirika la Reli Tanzania likaundwa upya kwa sheria. Katika kipindi chote hicho mjadala wa bungeni na magazetini ulihusu hisa, injini na mishahara ya wafanyakazi wa kampuni, na hayo yalistahili kujadiliwa. Mpakiaji wa Isaka, ambaye treni ikichelewa wiki moja hukosa kipato cha wiki nzima, hakuwa na nafasi katika mjadala huo kwa sababu hakuwa mwajiriwa wa yeyote. Mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yaliuachia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) jukumu la kuwahudumia wafanyakazi wa sekta binafsi pamoja na waliojiajiri, lakini uanachama wa aliyejiajiri hutegemea hiari na uwezo wake wa kuchangia, na mtu asiyejua kama kesho atapata kibarua si rahisi aweke akiba ya uzee.

Leo ujenzi wa reli ya kisasa, inayofahamika zaidi kama SGR, umeurudisha mji huu kwenye mipango ya taifa. Januari 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli kutoka Isaka hadi Kigali; Januari 2021 ulitiwa saini mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341, na mwaka 2022 ukafuata ule wa Tabora hadi Isaka, wa kilomita 165. Mradi wa namna hii huchukua ardhi, na hapo huja suala la fidia, ambalo kwa mwananchi wa kawaida lina uzito kuliko kasi ya treni. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na kanuni za 2001 zilizotungwa chini yake zinaorodhesha thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida. Hasara ya faida hukokotolewa kwa kuchukua faida halisi ya mwezi na kuizidisha kwa miezi 36, nayo huthibitishwa, pale inapohitajika, kwa hesabu zilizokaguliwa. Kwa mwenye kampuni hilo ni jambo la kumwita mhasibu. Kwa mama lishe aliyepika kando ya stesheni kwa miaka 20, bila daftari la mapato wala hati ya kiwanja, kanuni hiyo inayokusudia kumlinda humwacha nje, kwa kuwa hana karatasi ya kuthibitisha kile ambacho mtaa mzima unakijua. Hili ni kosa la sera linaloweza kurekebishwa kwa kukubali ushahidi wa aina nyingine, kama vile risiti za ushuru wa soko au maelezo ya serikali ya kijiji, na ni vigumu kuona sababu ya msingi ya kulichelewesha.

Upande wa dhahabu historia ni chungu zaidi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliokuwa Bulyanhulu, kaskazini mwa Kahama, waliondolewa kwa nguvu ili kupisha kampuni iliyopewa leseni; madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni yalikanushwa na kampuni na serikali, na ubishi wake haujaisha. Sheria ya Madini ya 1998 iliyofuata iliweka mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji huilipa serikali kwa kila madini anayouza, kuwa asilimia 3 tu kwa dhahabu, na mikataba ya uendelezaji migodi ikazihakikishia kampuni kwamba kodi zao hazitabadilishwa ovyo. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001 na Buzwagi 2009. Mkataba wa Buzwagi, uliotiwa saini London mwaka 2007, ndio uliomfanya mbunge Zitto Kabwe apeleke hoja bungeni na kusimamishwa ubunge kwa muda, na kelele zilizofuata zikazaa kamati ya Jaji Mark Bomani ya kupitia sekta ya madini, na baadaye Sheria ya Madini ya 2010 iliyopandisha mrabaha hadi asilimia 4. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alizuia kusafirishwa nje kwa makinikia, yaani mchanga wenye mabaki ya dhahabu, shaba na fedha unaopelekwa kuyeyushwa ng'ambo. Sheria zikabadilishwa, mrabaha ukawa asilimia 6 pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na mapatano na kampuni ya madini ya Barrick yakazaa kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina asilimia 16 ya hisa.

Hayo yalikuwa mafanikio, na hayafai kubezwa. Hata hivyo, mrabaha, kodi ya mapato na gawio huenda Hazina, na kutoka Hazina hadi kata ya Isaka njia ni ndefu. Fedha ya mgodi ambayo kisheria hubaki karibu na wananchi ni ushuru wa huduma, ambao halmashauri hutoza makampuni kwa kuzingatia mauzo yao, kwa kiwango ambacho kwa muda mrefu kiliwekwa kisizidi asilimia 0.3. Kwa miaka mingi migodi mikubwa haikulipa hata hicho: mikataba iliiruhusu kutoa dola 200,000 kwa mwaka kwa kila mgodi, hata mauzo yawe makubwa kiasi gani. Mgodi uliouza dhahabu ya dola milioni 300 kwa mwaka ungelipa dola 900,000 kwa kanuni ya asilimia 0.3, hivyo halmashauri ilikuwa ikipoteza zaidi ya robo tatu ya haki yake mwaka baada ya mwaka, mpaka utaratibu huo ulipobadilishwa kuanzia mwaka 2014 hivi. Zahanati na madarasa ambayo fedha hizo zingejenga katika miaka ya bei nzuri ya dhahabu hayarudishwi na mapatano yoyote ya baadaye.

Hapa linaingia suala la mipaka, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wilaya ya Kahama ilipogawanywa katika halmashauri tatu, Buzwagi ilibaki katika halmashauri ya mji, ambayo sasa ni manispaa, Bulyanhulu ikawa Msalala, na Ushetu ikabaki na kilimo cha tumbaku bila mgodi mkubwa. Isaka iliangukia Msalala. Kwa hiyo Isaka na Bulyanhulu zina baraza moja la madiwani na kapu moja la ushuru wa huduma, ingawa mgodi uko mbali upande wa kaskazini. Sheria inazitaka pia kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii na kuukubaliana na serikali ya mtaa, lakini kwa desturi miradi yake huanzia vijiji vinavyouzunguka mgodi, kwa hoja inayoeleweka kwamba hivyo ndivyo vinavyobeba vumbi na milipuko. Dai la Isaka, basi, liko hasa kwenye ushuru, na dai hilo hupita katika bajeti ya halmashauri ambayo wananchi wengi hawajawahi kuiona.

Wachimbaji wadogo wamepata unafuu wa aina yao: mapema 2019 serikali iliwafutia kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, na Machi mwaka huo soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita, kisha mengine yakafuata, Kahama ikiwemo. Vibarua wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na wanawake wanaoponda mawe na kuosha kwa zebaki, wanaendelea na kazi ileile yenye sumu ileile, ingawa Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Yupo atakayesema kwamba umbali na ukame wa Shinyanga ndivyo vinavyokwamisha maendeleo. Historia ya maji inakataa. Mwaka 2004 Tanzania ilitangaza kuyavuta maji ya Ziwa Viktoria hadi Shinyanga na Kahama, bila kuomba ridhaa ya Misri iliyokuwa ikitegemea makubaliano yake na Uingereza ya mwaka 1929 kuhusu maji ya Mto Nile, ambayo serikali ya Mwalimu Nyerere ilikwisha kuyakataa mara baada ya uhuru. Chanzo kilijengwa Ihelele, Misungwi, na mwaka 2009 mradi ukazinduliwa, chini ya mamlaka ya maji ya KASHWASA. Ni moja ya kazi bora zilizowahi kufanywa na dola ya Tanzania kwa watu wa kawaida, na ilifanywa kwa uamuzi wa kisiasa. Ila Isaka ilisubiri hadi mwanzoni mwa 2021 ndipo mradi wa kuyafikisha maji hayo Kagongwa na Isaka ulipozinduliwa. Bomba kuu lilifika Kahama, na mji wa jirani ukakaa karibu miaka 12 ukinunua maji kwa ndoo.

Pengo hilo la kati ya bomba kuu na mtaa ndilo lililopo katika reli, katika fidia na katika ushuru wa dhahabu, na kuliziba kunahitaji wananchi wanaouliza katika vikao ambavyo sheria imekwisha kuwapa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mikopo iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali husomeka na yeyote mwenye intaneti. Msomaji aliyeko ughaibuni, mwenye ndugu Isaka, Kahama au Geita, ambaye kila mwezi hutuma fedha za dawa na ada, aisome sehemu ya ripoti hiyo inayohusu halmashauri ya kwao, ampelekee ndugu yake tarakimu zake, na amsihi aende nazo kwenye mkutano ujao wa kijiji akamuulize mwenyekiti na diwani mgodi ulilipa kiasi gani mwaka uliopita na fedha hizo zilijenga nini, wapi.