Majani ndani ya sanduku la chatu: yanasaidia nini kweli?

Mwenzetu mmoja anayeishi Ubelgiji anafuga chatu mdogo ndani ya nyumba. Musicheke, kule ni jambo la kawaida. Nyoka alipitisha wiki nyingi bila kula, naye akaniuliza kama mimea ndani ya sanduku la kioo inaweza kubadilisha kitu. Juu ya nyoka mimi si mtaalamu, lakini mimea njo kazi yangu, kwa hiyo nilisoma kwanza.

Chatu huyo ni Python regius, anayetoka Afrika Magharibi mpaka Uganda. Ni nyoka wa kujificha: akiogopa anajikunja kama mpira, kichwa katikati. Mchana analala ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, usiku anatoka. Sasa umuweke ndani ya kioo kitupu, watoto wanapita mbele yake. Atabaki pembeni, na nyoka mwenye wasiwasi anakataa kula. Majani yakijaa katikati, anaweza kutoka upande wa joto (karibu 32°C) kwenda upande wa baridi (kama 25°C) bila kuonekana. Faida njo hiyo: si rangi ya kijani, ni maficho. Kwa kazi hiyo hata majani ya plastiki yanatosha, wauza maua wanisamehe.

Ila plastiki haitoi maji. Munakumbuka fiziolojia ya mimea: mizizi inavuta maji, majani yanayaachilia kama mvuke. Ndani ya sanduku unyevu unapanda, na chatu huyu anauhitaji, sana sana wakati wa kujivua ngozi. Hewa ikikauka, ngozi inatoka vipande vipande, ingine inabaki juu ya macho.

Mwaka 2006 Almli na Burghardt, wa Chuo Kikuu cha Tennessee, walitoa utafiti juu ya nyoka wa Marekani wanaokula panya. Waliolelewa kwenye masanduku yenye vitu vingi walizoea mahali pageni haraka kuliko wale wa masanduku matupu. Haikuwa mimea peke yake, lakini inaonyesha mazingira yanamugusa nyoka.

Mmea gani? Nilimuambia sansevieria, ile ya majani marefu kama upanga tunayopanda mbele ya nyumba. Asili yake ni huku kwetu, tangu Nigeria mpaka Kongo, na inavumilia kivuli na uzito wa nyoka. Hatari si jani, maana nyoka hali majani. Hatari ni dawa ya wadudu iliyopulizwa kule dukani. Atoe udongo wote, aoshe majani, aache mmea nje ya sanduku wiki kadhaa, na asitie mbolea ya chumvi.

Kabla ya yote apime joto: nyoka aliyepoa hali, hata umupandie Kahuzi nzima. Na amupime uzito kila wiki, kwani dume mzima anaweza kukataa chakula miezi kadhaa wakati wa kutafuta jike, bila ugonjwa. Akianza kukonda, aende kwa veterineri.