Kagame na maneno manne ya fikra

Hapa Kinanira, Bujumbura, vijana waliorudi kutoka kambi za Tanzania huambiwa kuwa asiyejua Kirundi vizuri hana fikra za kwao. Mimi niliyesoma uhamishoni kwa Kiswahili najua uzito wa kauli hiyo. Kwa hiyo, msomaji, tumtazame Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981).

Mwaka 1956 alichapisha La philosophie bantu-rwandaise de l'Être. Aristotle aligawa vyote vilivyopo katika makundi 10, Kagame akayapanga upya kwa maneno manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Yote yana shina moja, -ntu, na kila Mrundi anayatambua. Mwaka 1976 akatoa La philosophie bantu comparée, akilinganisha lugha nyingi za Kibantu.

Paulin Hountondji wa Benin alimpinga. Kwake, sarufi si falsafa ya taifa zima; falsafa ni hoja za mtu, zinazojibiwa na wenzake.

Kiswahili chetu kinaonyesha ugumu huo. Mtu na kitu vina shina lile lile, lakini mahali ni neno la Kiarabu. Je, mchuuzi wa mpakani Kobero hajui mzigo wake ulipo? Anajua sana!

Kagame alithibitisha kuwa lugha zetu zinabeba mantiki. Lakini fikra za mtoto tuzipime kwa hoja anayoijenga, si kwa lugha aliyorudi nayo.